Maswali ya Wasomaji: Vikanyagio vya Pembeni au Slaida za Kuhimili Mawe?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Kondoa, Dodoma mjini, Mpwapwa na Bahi, na kila moja kwa njia yake inauliza kuhusu kile chuma kinachokaa chini ya milango ya gari la porini. Wengine hukiita ngazi, wengine bomba la pembeni, na wauzaji wa spea mara nyingi hukiuza kwa jina moja hata pale ambapo ni vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti. Katika majibu haya nitaita kikanyagio kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mguu wa mtu anayepanda, na nitaita slaida lile bomba nene lililofungwa kwenye chesisi ili gari liweze kuteleza juu ya jiwe au kisiki bila bodi kuguswa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba karibu mambo yote yaliyoulizwa na wengine.

Swali. Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni afisa mifugo ninayefanya kazi katika vijiji vya Kondoa. Gari langu ni Toyota Prado ya zamani, ile inayojulikana kama 95, niliyoinunua ikiwa tayari na vikanyagio vya alumini kila upande. Machi iliyopita, nikivuka korongo upande wa Pahi, tairi la nyuma la kushoto liliteleza likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji, na ubavu wa gari ukakalia ukingo wenye mawe. Kikanyagio kilipinda kuelekea juu na kukibonyeza kizingiti cha mlango, na tangu siku hiyo mlango wa nyuma haufunguki bila kusukumwa kwa bega. Fundi mmoja amenishauri tukinyooshe kikanyagio na kukiongezea nondo kwa chini ili kiwe kigumu. Mwingine ameniambia nivitoe vyote nitengenezewe slaida, lakini bei aliyonitajia ni karibu mara nne ya vikanyagio vipya. Pia naishi na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda gari bila mahali pa kukanyaga. Nifanye nini? (Msomaji, Kondoa)

Jibu. Pole kwa mlango, ndugu yangu, na mama umfikishie shikamoo yangu. Nianze na hilo la nondo, kwa sababu ndilo litakalokutia hasara kubwa zaidi ukilikubali. Kikanyagio chako kilipewa kazi ambayo hakikutengenezewa. Kazi yake ni kumbeba mtu mmoja, tuseme wa kilo 80 au 100, na uzito huo hutoka juu kwenda chini kwa muda mfupi tu, mtu anapoingia au kutoka. Kwenye korongo lile nguvu ilikuja kinyume: gari lilishuka juu ya jiwe, jiwe likasukuma kutoka chini kwenda juu, na breketi nyembamba, yaani vile vishikizo vya chuma vinavyokibeba kikanyagio, zilizofungwa kwenye bati la kizingiti zikakunjika na kulikandamiza bati lenyewe. Prado yako ikiwa na watu na mizigo hufika tani mbili na pengine kuzidi, na upande mmoja unapokalia ukingo, sehemu kubwa ya uzito huo inaweza kutua mahali pamoja. Ukiongeza nondo huku breketi zikibaki palepale kwenye bati, utakuwa umetengeneza nyundo ukailenga kwenye kizingiti chako mwenyewe. Safari ijayo kikanyagio hakitapinda, na pigo lote litapokelewa na kizingiti, labda na nguzo ya mlango pia.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia bei, muulize kila muuzaji na kila fundi swali moja: kitu hiki kinafungwa wapi? Kisha lala chini ya gari uangalie mwenyewe. Magari kama Prado, Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Suzuki Jimny na Land Rover Defender za zamani yamejengwa juu ya chesisi, yaani fremu yenye boriti mbili ndefu zinazobeba injini, springi na ekseli, na bodi huketi juu yake kwa kutenganishwa na mipira. Kizingiti cha chini ya milango ni sehemu ya bodi, nacho ni bati lililokunjwa likaachwa wazi kwa ndani. Slaida ya kweli haikigusi kizingiti hata kidogo. Breketi zake hutoka kwenye chesisi, hupita chini ya kizingiti na kulibeba bomba kwa pembeni, na kati ya bomba na bati huachwa nafasi ya sentimita mbili hivi. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bodi hucheza juu ya mipira yake gari linapopita kwenye mashimo, na bomba lililosogezwa karibu mno litaanza kusuguana na bati na kutoa milio kila kona, hata kabla halijakutana na jiwe lolote.

Jambo hili nilijifunza kwenye mpando wa kutoka Mpwapwa kuelekea Kibakwe, nikiwa na mabomba ya kung'aa niliyouziwa kuwa ni kinga. Ilitosha jiwe moja, tena nikiwa katika mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Bomba lilipanda hadi likauziba mlango wa abiria, na mzee niliyekuwa nimempakia ikabidi atokee upande wa dereva, jambo ambalo kwa umri wake halikuwa dogo. Nilipolala chini nilikuta bomba lenyewe ni nene na zuri, lakini limeshikiliwa na vipande vya bati la milimita mbili vilivyofungwa kwenye kizingiti kwa skrubu. Nilikuwa nimeuliza unene wa bomba dukani, nikasahau kuuliza kuhusu breketi.

Sasa, je, unazihitaji slaida? Nasema kwa uwazi kwamba wengi wanaoziulizia hawazihitaji. Anayetoka Dodoma kwenda Babati kwa lami na kuingia kijijini wakati wa kiangazi kwa barabara ya changarawe iliyochongwa anaweza kukaa na gari lake miaka kumi bila ubavu wake kugusa kitu. Ubavu huumia tairi za upande mmoja zinaposhuka na za upande wa pili zikabaki juu, au tairi za mbele zinapokuwa zimeshavuka tuta na za nyuma hazijalifikia, na ndipo sehemu ya katikati ya gari hulishukia tuta lenyewe. Kondoa ni nchi ya namna hiyo, na wewe kama afisa mifugo unaijua historia yake kuliko mimi: mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Makorongo bado yanazikata njia za vijijini, na mvua za kati ya Desemba na Aprili huzila kingo zake kila mwaka, hivyo mahali ulipovuka salama mwezi Novemba si palepale utakapopakuta mwezi Machi. Ukienda upande wa Manyoni na Singida, ubavu hutishwa na mawe ya itale yaliyochomoza njiani, na kwenye vichaka vya Itigi hutishwa na visiki vigumu vilivyofichwa na majani. Mtu ambaye kazi yake inampeleka sehemu hizo masika na kiangazi, kama wewe, anazihitaji slaida, na gharama ile mara nne utaipima dhidi ya gharama ya kukata na kuchomelea kizingiti kipya, kazi ambayo kwa kawaida huleta kutu baada yake.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haigharimu kitu. Vifungue vikanyagio vyote viwili leo. Vikanyagio vingi huning'inia chini ya kizingiti kwa sentimita nane, kumi au zaidi, na ukiviondoa, gari litapata nafasi hiyo yote papo hapo. Kisha mpelekee fundi bodi anyooshe kizingiti na mlango kabla slaida hazijapimwa, kwa maana zikipimwa kufuata kizingiti kilichobonyea zitakaa vibaya baada ya kizingiti kunyooshwa.

Ukifika kwa mtengenezaji, bomba kuu liwe la chuma lenye kipenyo cha milimita 48 au 60 na ukuta wa milimita 4 hivi. Yale mabomba ya kutengenezea mageti na madirisha yanafanana nalo kwa macho, lakini kuta zake ni nyembamba mno na hujikunja kama bua la mtama. Mita moja ya bomba la milimita 60 lenye ukuta wa milimita 4 ina uzito wa kilo tano na nusu, kwa hiyo usishangae slaida moja iliyokamilika, pamoja na bomba lake la pili la nje na breketi, ikifika kilo 25. Za pande zote mbili ni sawa na kutembea na mfuko mmoja wa saruji kila siku, na uzito huo lazima uhesabiwe kwenye mzigo unaopakia. Fundi akikuambia slaida zake ni nyepesi kuliko hapo sana, muulize amepunguza wapi.

Kila upande uwe na breketi zisizopungua tatu, na kwa urefu wa Prado ya milango mitano mimi napendelea nne. Breketi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, huiacha sehemu ya katikati ya bomba bila cha kuisaidia, na katikati ndiko jiwe hupenda kufikia. Bomba likae usawa wa chini wa kizingiti au chini yake kidogo tu. Likishushwa sana utakuwa umerudisha kasoro ileile ya kikanyagio. Wapo wanaolilaza sawasawa na ardhi na wapo wanaoliinua kidogo kwa nje. Lililolala ni rahisi kukanyagia, na lililoinuka hutangulia kukutana na jiwe au shina la mti kabla ya mlango. Kwa makorongo yenye kingo za wima kama yako ningeinua kidogo, nyuzi kumi hivi. Omba pia bomba la nje lipindwe kidogo kuelekea nje karibu na tairi la nyuma, kwa sababu unapokata kona karibu na mwamba, sehemu hiyo huugusa mwamba kwanza na kuusukuma mkia wa gari mbali nao.

Kuhusu mama, slaida inaweza kuwekewa bamba lenye vinundu au matundu juu yake ili mguu usiteleze, na hilo ni jambo la kuagiza mapema kabla rangi haijapakwa. Lakini sitakuficha kwamba urefu utabaki kuwa tatizo. Ngazi ya nyumbani hupanda sentimita 15 hadi 18 kwa hatua moja, na slaida iliyowekwa mahali pake sahihi kwenye gari kama lako itakuwa juu ya ardhi kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Hakuna namna ya kuishusha kwa ajili ya magoti ya mama bila kuishusha pia kuelekea kwenye mawe. Ninachoshauri ni kigoda cha mbao chenye miguu mipana, chenye kimo cha sentimita 20 hivi, kifungwe kamba ndefu ili anayemsaidia mama akivute ndani baada ya yeye kuketi. Weka na mshikio imara kwenye nguzo ya mlango kama gari halina. Nimeona familia kadhaa zikifanya hivyo, na wazee wenyewe hukipenda kigoda kuliko kikanyagio, kwa sababu kinatulia ardhini na mguu mzima unaenea juu yake.

Swali. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Dodoma mjini. Wateja huniletea Hilux na Land Cruiser wakitaka slaida. Wapo wanaotaka zichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi, na wapo wanaotaka zifungwe kwa bolti ili waweze kuzitoa. Ipi ni sahihi, na niangalie nini? (Fundi, Kizota)

Jibu. Ahsante fundi kwa kuuliza kabla ya kuchoma. Njia zote mbili ni sahihi zikifanywa kwa uangalifu, na zote mbili zimeshaharibu magari zilipofanywa kwa haraka. Kwa mteja wa kawaida mimi hupendelea bolti, kwa sababu slaida iliyopinda inaweza kutolewa ikanyooshwa mezani, kutu iliyojificha nyuma ya breketi inaweza kuonekana na kukwanguliwa, na anayelinunua gari baadaye anaweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Anayekwenda kwenye mawe kila juma na asiyetaka kukaza nati mara kwa mara, huyo anaweza kuchomelewa.

Ukichomelea, kumbuka kwamba chuma kilicho kando ya mshono hubadilika kwa joto, na ufa wa chesisi karibu kila mara huanzia mwisho wa mshono. Boriti ya chesisi inapobeba mzigo hupinda, na nyuso zake za juu na za chini ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi, ilhali ubavu wake wa wima hupata mateso madogo. Kwa hiyo usichomelee wala usitoboe uso wa juu au wa chini. Weka kwanza bamba la milimita 5 au 6 kwenye ubavu wa boriti, lenye pembe zilizokatwa kwa mviringo, ulichomelee, kisha breketi uichomelee kwenye bamba hilo. Mishono mirefu ifuate urefu wa boriti. Mshono unaokata boriti kutoka juu hadi chini kwa mstari mmoja ulionyooka ni sawa na kumwonyesha ufa mahali pa kupita, na ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi kwenye magari yaliyovunjika chesisi baada ya kazi ya namna hii. Ukubwa wa moto nao upimwe, maana ukuta wa chesisi ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani, na moto uliokusudiwa kwa bamba nene utautoboa.

Kabla ya kuwasha mashine, fungua nyaya za betri, na clampu ya ethi uifunge karibu kabisa na mahali unapochomelea, isije mkondo ukasafiri kupitia beringi au kompyuta ya gari. Tazama ndani ya boriti na kando yake: mabomba ya breki, mabomba ya dizeli au petroli na mafungu ya nyaya mara nyingi hupita hapohapo, na tangi nalo haliko mbali. Yasogeze au uyakinge, na mtu wa pili akae na kizimia moto mkononi muda wote wa kazi na robo saa baada yake. Bomba lililopakwa zinki usilichomelee likiwa hivyo, kwani moshi wake huleta homa na hudhuru mapafu yako. Ukikosa bomba jingine, kwangua zinki yote sehemu ya mshono na ufanyie kazi nje penye upepo.

Kwa upande wa bolti, tumia za milimita 12 zenye alama ya 8.8 kichwani, pamoja na nati za kujifunga. Breketi zinaweza kukumbatia boriti kwa bamba la nyuma au kwa yu-bolti, yaani bolti yenye umbo la herufi U, na njia hiyo haihitaji tundu jipya lolote. Ikiwa hakuna namna ila kutoboa, toboa ubavuni, na ndani ya boriti iliyo kama sanduku uingize kipande cha bomba ambacho bolti itapita katikati yake. Bila kipande hicho, unavyozidi kukaza ndivyo kuta mbili za boriti zinavyozidi kukaribiana, na baada ya safari mbili bolti inalegea tena. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita mia chache ili ukague na kukaza upya. Mafundi wengi hulisahau hilo, nami naliona kuwa sehemu ya kazi yenyewe, si fadhila kwa mteja.

Gari lenye umri wa miaka ishirini ligongwe chesisi kwa nyundo ndogo kabla ya kukubaliana bei. Mlio ukibadilika ukawa wa kufifia, au kutu ikaanguka kwa magamba, mweleze mwenye gari kwamba chesisi itengenezwe kwanza. Kabla ya kulikabidhi, inua upande mzima wa gari kwa jeki iliyowekwa katikati ya slaida, huku tairi za upande wa pili zikiwa zimezuiwa kwa mawe, uangalie ile nafasi kati ya bomba na kizingiti. Ikibaki wazi tairi zikiwa zimeacha ardhi, kazi imekamilika. Bomba likigusa bati, rudi kwenye breketi.

Swali. Mhariri wangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mpwapwa na nina Toyota RAV4. Barabara ya kwenda shambani kwangu ina mawe, na kijana wangu anataka tuifungie slaida kama za Land Cruiser ya jirani. Je, inafaa? (Mwalimu, Mpwapwa)

Jibu. Shikamoo mwalimu. Haifai, na kijana asikasirike. RAV4 tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1994 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari, na ndivyo zilivyo pia Harrier, X-Trail na hata Land Rover Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019. Slaida ya bomba ikifungwa kwenye gari la namna hii hushika bati la sakafu au lile lile la kizingiti, na pigo la jiwe litapita moja kwa moja kwenye bodi, hata mahali ambapo milango hujipangia usawa wake. Fedha hiyo itumieni kuweka bamba la chuma la kukinga chini ya injini, tairi nzuri zenye kipimo kilichoandikwa na kiwanda, na shokapu mpya kama za sasa zimechoka, kwa maana gari lililolegea nyuma hugusa mawe ambayo likiwa zima lingeyapita. Jiwe refu lililo katikati ya njia lipandwe kwa tairi, taratibu, badala ya kuliacha lipite katikati ya tairi. Na pale ambapo mnajua ni pabaya, mmoja ashuke aelekeze. Ukitaka kikanyagio kwa ajili ya kupanda tu, kipo, ila kichague kile kinachokaa juu kabisa karibu na kizingiti, nacho msikitegemee kwa kingine chochote.

Swali. Ninalima mpunga Bahi na ninatumia Hilux. Masika gari hukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, na mara mbili nimeinua gari kwa jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya kupandishwa kwa mpini, kupitia vikanyagio, vikapinda. Je, slaida zitanisaidia kwenye matope? (Mkulima, Bahi)

Jibu. Zitakusaidia kwa jambo moja kubwa, ambalo ni kukupa mahali pa kuinulia gari. Kikanyagio kisitumiwe kamwe kuinulia, maana kikipinda gari likiwa juu, jeki huruka na mtu huumia. Slaida iliyofungwa kwenye chesisi hubeba upande mzima bila shida, ilimradi umwombe fundi achomelee vipande viwili vidogo vya kuzuia ulimi wa jeki usiteleze kwenye bomba la mviringo. Chini ya jeki weka ubao mnene na mpana, kama nusu mita kwa nusu mita, la sivyo mbuga itaimeza jeki kabla gari halijasogea. Utaona kwamba inakubidi uinue sana kuliko ulivyotarajia, kwa sababu ekseli hubaki ikining'inia chini huku bodi ikipanda, hivyo tairi huchelewa kutoka kwenye tope. Unaweza kupunguza hilo kwa kuifunga ekseli kwenye chesisi kwa mnyororo kabla ya kuinua. Kichwa na uso viwe mbali na mpini wa jeki muda wote, hasa wakati wa kushusha, kwani mpini unaweza kupiga juu na chini wenyewe kwa nguvu kubwa. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki hiyo peke yake. Tairi likishainuka, jaza mawe, matawi au magunia chini yake, shusha, utoke.

Zaidi ya hapo, gari lililozama hadi ekseli halitatolewa na slaida, na slaida zenyewe zitaongeza uzito kidogo na kukokota tope. Ile nafasi ya sentimita mbili kati ya bomba na kizingiti hujaa udongo wa mbuga, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali na hushikilia unyevu kwenye bati kwa majuma kadhaa. Mwambie fundi azibe ncha za mabomba kwa kuchomelea vizibo, atoboe matundu madogo ya kutolea maji upande wa chini, na apake rangi ya kawaida ya mafuta juu ya rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa hiyo utaweza kuigusia mwenyewe kwa brashi kila inapokwanguliwa. Kila unaporudi kutoka shambani, kabla udongo haujakauka, pitisha maji na kijiti chembamba katika nafasi ile kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili.